Nyota aliyeamua kuwasikiliza nyanya

Msomaji mpenzi, hebu nikuulize jambo kabla hujafungua ukurasa wa mapishi. Mara ya mwisho ulipoketi na mwanamke aliyekuzidi umri kwa miaka 30 au 40, ulimwuliza nini? Mimi nitasema ukweli wangu. Nilimwuliza nyanya yangu kama ameshameza dawa za presha. Aliponijibu ndiyo, nikarudi kwenye simu yangu.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mwanamke ninayekuletea Jumapili hii amejipatia sifa mpya, tena akiwa amevuka miaka 60, kwa kuuliza maswali ambayo wengi wetu tumeshindwa kuwauliza mama na nyanya zetu. Anaitwa Julia Louis-Dreyfus, Mmarekani, mwigizaji na mchekeshaji. Pengine jina hilo halikupi picha yoyote. Lakini kama ulikwenda kutazama sinema ya Black Panther: Wakanda Forever mwaka 2022, ile aliyomo Lupita Nyong'o wetu, basi ulimwona. Ndiye yule mkubwa wa majasusi, Valentina, mwenye maneno makali kama pilipili. Vijana waliokaa nyuma yangu siku hiyo walikuwa wakiulizana, "Huyu mama ni nani?" Laiti wangalijua.

Julia alizaliwa New York tarehe 13 Januari 1961. Baba yake, Gérard Louis-Dreyfus, alitoka katika ukoo wa Kifaransa ulioanzisha biashara ya nafaka mwaka 1851, biashara iliyokuja kuenea ulimwengu mzima. Wapo wanaosema kwamba mali hiyo ndiyo iliyomfungulia milango. Sikubaliani nao. Pesa za baba zinaweza kukununulia mavazi na karo ya chuo, lakini haziwezi kumfanya mtu asiyekujua acheke akiwa amechoka kochini kwake saa tatu za usiku. Na zaidi ya hayo, mtoto huyo hakulelewa na baba. Wazazi wake walitengana akiwa na mwaka mmodi tu. Mama yake, Judith, aliolewa tena na daktari, na kwa sababu ya kazi ya baba huyo wa kambo familia iliishi Sri Lanka, Colombia na Tunisia. Ukubwani alisoma katika shule ya wasichana watupu karibu na jiji la Washington, akamaliza mwaka 1979.

Kutoka hapo aliingia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago. Huko alikutana na kijana mmoja mwenye utani mwingi, Brad Hall, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wameanzisha kikundi kidogo cha maigizo. Mwaka 1982 wakubwa wa kipindi cha Saturday Night Live waliwatazama vijana hao jukwaani, wakawaajiri. Julia alikuwa na umri wa miaka 21. Aliacha masomo kabla ya kupata shahada, akaenda New York.

Wazazi mnaosoma hapa, najua mnavyokunja uso. Mtoto kuacha chuo akafuate vichekesho! Chuo chenyewe kilikuja kumpa shahada ya heshima mwaka 2007, kwa hivyo msimlaumu sana.

Lakini sifikirii kwamba miaka mitatu aliyokaa katika kipindi hicho ilikuwa ya raha. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba mahali hapo palikuwa pa wanaume, kila mtu akipigania nafasi yake, na mwanamke kijana akisahaulika pembeni. Alitoka mwaka 1985 akiwa amefanya uamuzi mmoja, kwamba hataendelea na kazi ya uigizaji ila pale ambapo atafurahia anachokifanya. Na alitoka na faida nyingine ambayo hakuijua wakati huo. Katika mwaka wake wa mwisho aliketi mara nyingi na mwandishi mmoja mnung'unikaji ambaye kazi zake zilikuwa hazipewi nafasi hewani. Mtu huyo aliitwa Larry David.

Mwaka 1987 Julia na Brad walioana. Ndoa hiyo ingalipo, jambo ambalo kule Hollywood ni nadra kama mvua ya Januari Turkana.

Sasa hapa ndipo mambo yanaponoga. Mwaka 1989 Larry David na rafiki yake Jerry Seinfeld walitengeneza kipindi cha majaribio kuhusu wanaume wachache wanaoishi New York na kuzungumza juu ya mambo madogo madogo. Hakukuwa na mwanamke katika kundi lao. Wenye stesheni, NBC, wakasema hapana, lazima aongezwe mwanamke. Larry David akamkumbuka yule dada waliyeteseka naye. Julia akawa Elaine.

Elaine hakuwa kama wanawake wengine wa runinga za wakati ule. Hakuwa mke wa mtu wala hakuwa akisubiri kuolewa. Alikuwa rafiki tu wa wanaume watatu, mwenye kazi yake, ulimi wake na upumbavu wake pia. Aliruhusiwa kukosea. Anapofurahi, alimsukuma mwenzake kifuani kwa mikono miwili hadi mtu anapepesuka. Na alipocheza dansi, ee Mola, alicheza vibaya kiasi kwamba hadi leo kuna watu wanaoiga mtupo ule wa miguu kwenye harusi za Marekani. Julia amesimulia kwamba alikuwa akienda mwenyewe kwa waandishi kuwadai wampe mambo zaidi ya kufanya, maana aliona wenzake wa kiume wakipewa vichekesho vizito kuliko yeye.

Kina mama, kuna kisa kimoja hapa ambacho kitawagusa. Mwanawe wa kwanza, Henry, alizaliwa mwaka 1992, wa pili, Charles, mwaka 1997, na nyakati zote mbili alikuwa akiigiza Elaine. Hadithi haikuwa na mimba ndani yake. Kwa hivyo alijificha nyuma ya viti, vikapu na makoti makubwa mbele ya kamera. Katika mimba ya kwanza Jerry Seinfeld alitoa wazo: kwa nini tusiandike tu kwamba Elaine amenenepa? Julia alilia pale pale. Baadaye sana alisema wazo hilo lilikuwa zuri na wangepaswa kulitumia. Lakini ni rahisi kusema hivyo mwili ukisharudi. Kila mwanamke aliyewahi kuambiwa na mwenzake wa ofisini kwamba "siku hizi umejaza" akiwa na mimba ya miezi mitano anaelewa machozi yale yalitoka wapi.

Alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo mwaka 1996. Mwaka uliofuata yeye na waigizaji wenzake wawili walisimama pamoja kudai nyongeza, na wakapata dola 600,000 kila mmoja kwa kila kipindi cha mwaka wa mwisho. Tarehe 14 Mei 1998, kipindi cha kumalizia kilipoonyeshwa, Wamarekani zaidi ya milioni 76 walikaa kukitazama.

Halafu kikaja kimya. Kipindi chake kilichofuata, Watching Ellie, kilichotungwa na mumewe, kilianza mwaka 2002 na kufikia 2003 kilikuwa kimezikwa. Wenzake wa Seinfeld nao vipindi vyao vipya vilianguka. Magazeti yakaanza kusema kuna laana. Mwanamke wa miaka 42 Hollywood, ambaye kazi yake kubwa imekwisha na nyingine imeanguka, kwa kawaida huanza kupigiwa simu za kuigiza mama wa msichana. Yeye alisubiri. Mwaka 2006 akaja na The New Adventures of Old Christine, kisa cha mama aliyeachika anayelea mtoto huku mume wake wa zamani akiwa na mchumba kijana mwenye jina sawa na lake. Mwaka huo huo akatwaa Emmy, na jukwaani akaitania ile laana mbele ya watu wote.

Niruhusu kisa kidogo cha kuchekesha. Mwaka 2010 walimpa nyota yake katika ile njia maarufu ya Hollywood, ambapo majina ya wasanii huandikwa sakafuni. Wakafunua, kumbe jina limekosewa! Badala ya Louis wameandika Luis. Mimi ambaye jina langu limekosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na kadi ya harusi ya binamu yangu, nilijisikia nina ndugu Marekani.

Kazi iliyomweka kileleni ilianza mwaka 2012. Ni Veep, ambamo aliigiza Selina Meyer, Makamu wa Rais wa Marekani, mwanasiasa mwenye tamaa, matusi na woga, ambaye kila siku anauliza kama Rais amepiga simu, na Rais hajapiga. Ukikitazama kipindi kile utadhani mwandishi amewahi kukaa katika mikutano yetu ya hapa nyumbani. Kwa nafasi hiyo moja Julia alipata tuzo ya Emmy mara 6 mfululizo, kutoka 2012 hadi 2017. Hakuna mwigizaji mwingine aliyewahi kupata nyingi kiasi hicho kwa mhusika mmoja. Mwaka 2016 alipanda jukwaani huku mikono ikimtetemeka, maana baba yake alikuwa amefariki Ijumaa, na tuzo zilikuwa Jumapili.

Mwaka 2017 alipanda tena, tarehe 17 Septemba, akapokea ile ya sita. Kesho yake akaambiwa na daktari kwamba ana saratani ya matiti.

Fikiria hilo, msomaji. Jana dunia nzima inakupigia makofi, na leo umeshika simu huna la kusema. Hakuficha. Kabla mwezi haujaisha alitangaza mwenyewe. Aliwakumbusha watu kwamba katika kila wanawake 8 wa Marekani mmoja hupatwa na ugonjwa huo, na kwamba safari hii mmoja huyo ni yeye. Akaongeza jambo lililonifanya nimheshimu kuliko tuzo zote. Alisema ana bahati, kwa kuwa ana jamaa na marafiki wanaomtunza na ana bima nzuri kupitia chama chake cha wafanyakazi, ila si kila mwanamke aliyejaliwa hivyo, na akataka kila mtu apate matibabu.

Nimeandika habari za harambee za matibabu kwa miaka kadhaa sasa. Saratani ya matiti ni miongoni mwa zile zinazowashika wanawake wengi zaidi hapa Kenya, na wengi wao huingia hospitalini ikiwa imeshaenea. Nimekaa katika viti vya plastiki chini ya hema, mwenye maikrofoni akiwasihi watu waongeze mia mia, na mgonjwa mwenyewe amejifunika leso anatazama chini, kana kwamba amefanya kosa. Kwa hivyo tajiri anaposimama na kusema wazi kwamba kilichomwokoa ni bima, wala si ushujaa, mimi namsikiliza.

Alipitia mizunguko 6 ya dawa kali za saratani, kisha upasuaji. Utengenezaji wa Veep ulisimamishwa ukamsubiri. Siku ya dawa za mwisho, wanawe wawili walijirekodi wakiigiza wimbo wa Beat It wa Michael Jackson ili kumpa moyo. Alirudi kazini mwaka 2018, mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Mark Twain, heshima kubwa ya wachekeshaji kule kwao, na Veep ikafungwa vyema mwaka 2019.

Sasa tuje kwa wale nyanya.

Julia alikuwa ametazama filamu ya maisha ya Jane Fonda, iliyotoka mwaka 2018. Mwigizaji huyo mkongwe alikuwa ameishi maisha matatu au manne ndani ya moja, na Julia akajiuliza: mbona hatuwasikii wanawake kama hawa? Mwanaume akizeeka huitwa mwenye busara, anaalikwa kutoa maoni. Mwanamke akizeeka, watu huongea naye kwa sauti kubwa wakidhani hasikii. Basi mwezi Aprili 2023 akaanzisha podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho mtu husikiliza kwenye simu wakati anaotaka, awe jikoni au ndani ya matatu. Akakiita Wiser Than Me, yaani wenye hekima kunishinda. Kila mgeni ni mwanamke aliyemzidi umri.

Mgeni wa kwanza alikuwa Jane Fonda mwenyewe, akiwa na miaka 85. Baadaye wakaja Isabel Allende, mwandishi wa Chile ambaye kitabu chake cha kwanza kilianza kama barua kwa babu yake aliyekuwa akikaribia kufa, aliyemzika binti yake mwaka 1992, na ambaye aliolewa tena akiwa amevuka miaka 75. Akaja Carol Burnett, mchekeshaji wa miaka 90 aliyelelewa na nyanya yake, na ambaye kila mwisho wa kipindi chake cha runinga alivuta sikio kama ishara ya kumsalimia nyanya huyo. Akaja Billie Jean King wa tenisi.

Maswali yake hayana makuu. Mwanzoni humwuliza mgeni kama anaona vibaya umri wake wa kweli ukitajwa. Kisha humwuliza: na wewe ndani yako unajihisi una miaka mingapi? Hapo wanawake wa miaka 80 hucheka kama wasichana, halafu huanza kusema mambo. Wanazungumza juu ya waume waliokufa, kazi walizonyimwa, mwili unaouma, mapenzi ya uzeeni, majuto. Hakuna anayewaharakisha.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi inakuja mwishoni. Wageni wakishaondoka, Julia humpigia simu mama yake, Judith, yule yule aliyemlea, mshairi ambaye kipindi kilipoanza alikuwa ameshavuka miaka 80, akamweleza yaliyosemwa. Wanabishana, wanacheka, mama anamkosoa. Ni hapo hapo kwenye podikasti ambapo Julia alisimulia kwa mara ya kwanza kwamba akiwa na miaka kama 28 alipoteza mimba yake ya kwanza, akalazwa kitandani akiugua, na mama yake akaja akamtunza na kumpikia. Alikuwa amekaa na habari hiyo zaidi ya miaka 30.

Kampuni ya Apple ilikitaja kuwa podikasti bora ya mwaka 2023. Nasi tusiachwe nyuma kwa kujisifu: mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo inayotoa kipindi cha Julia, Lemonada, ilitoa podikasti ya Lupita Nyong'o, Mind Your Own, inayosimulia visa vya Waafrika walio mbali na kwao.

Nilisikiliza vipindi vinne mfululizo nikifua nguo, na Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda kijijini. Nilimkuta nyanya amekaa barazani akichambua maharagwe. Sikumwuliza habari za dawa. Nilichukua ungo mwingine nikakaa.

"Nyanya," nikasema, "naweza kutaja umri wako kwenye gazeti?"

"Upi?" akaniuliza. "Wa kitambulisho? Ule karani aliukadiria kwa kunitazama meno."

"Na ndani yako unajihisi una miaka mingapi?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza bei ya mbingu. Akatupa jiwe lililokuwa kwenye maharagwe. "Asubuhi tisini," akasema. "Nikishakunywa chai, arobaini. Ukija wewe na ubishi wako, narudi tisini."

Tulicheka. Halafu nikamweleza habari za huyu mama wa Marekani, nikafika pale pa mimba iliyopotea na mama aliyekuja kupika. Nyanya akanyamaza kwa muda. Mikono iliendelea kuchambua.

"Mimi walikuwa wawili," akasema. "Kabla ya mama yako. Wa pili alikuwa ameshaanza kucheza tumboni."

Nimemjua mwanamke huyu kwa miaka 34. Nilimwuliza kama mama anajua. Akasema hapana. Kwa nini hakumwambia? "Hakuna aliyeniuliza, mjukuu wangu. Tulikuwa tunarudi shambani."

Simu yangu ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya nyumba, imezimwa. Nilimwuliza nani alimpikia siku zile, naye akaanza kunieleza juu ya wifi yake mmoja ambaye jina lake sikuwahi kulisikia, na uji wa wimbi, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Tulimaliza maharagwe yote ya gunia dogo, giza likaingia, na alikuwa bado hajamaliza. Jumamosi ijayo nitarudi, na safari hii namchukua mama.